Tunafuma Shari Hapa

Leokadia mwanangu,

Shuleni walitufundisha kwamba barua njema huanza na "dhumuni la barua hii". Dhumuni ninalo, ila mama yako ameniachia maharage jikoni pamoja na amri ya kutoyaacha yakauke, kwa hiyo ukiona sentensi imekatika katikati, jua nimekwenda kuongeza maji. Mmekwenda kwa shangazi yako Paskazia kuaga, na ninavyomjua dada yangu, hamtoki kule kabla hajakulisha, hajakusalisha rozari nzima, na hajakusimulia jinsi nilivyokuwa mtoto mzito wa kuelewa. Nina muda wa kutosha.

Mambo ya safari yako ya kesho siyagusi. Mama yako ameshakwambia mkoba uupakate, usinunue kitu dirishani, na ukifika upige simu kabla hata hujakaa. Kama kuna alichosahau, atakupigia simu kabla gari halijafika Nyakahura.

Mimi nataka tuzungumze juu ya lile uliloniambia mchana, tulipokuwa tunapanga mafundo ya uzi kwenye kiroba. Ulisema, "Baba, twende wote. Wale akina mama wa Runazi walimpigia fundi simu akawafundishe. Fundi ni wewe. Mimi wataniona kiraka."

Nikakuuliza, mbona juzi ulizungumza mwenyewe na mwenyekiti wao? Ukainama, ukajifanya unatafuta mwisho wa uzi.

"Nilimuuliza ni doa gani lisilotoka kwenye nguo zao. Akacheka, Baba. Akawaambia wenzake, nao wakacheka. Kisha simu ikakatika."

Niliendelea kupanga mafundo, ukadhani natafakari. Nilikuwa napigana na nafsi yangu, mwanangu, maana shati la safari nilikuwa nimeshalipiga pasi. Nafasi kwenye gari ipo. Nikija, nitakaa mbele, nitaongea mimi, nitakosea mimi, wewe utanirekebisha polepole kama ulivyozoea, na wale akina mama watarudi makwao wakisema fundi ana binti msikivu. Wanawake wazima wameacha mihogo yao shambani wajifunze kazi, halafu wamepata kunijua mimi tu. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Nahofia umesahau mambo yalivyokwenda. Au tuseme mimi nimeyasimulia mara nyingi mno mbele za watu, na kila nikisimulia najisogeza mbele kidogo, mpaka wewe mwenyewe umeanza kuamini.

Basi kaa, nikurudishie ilivyokuwa.

Unajua nilivyoanza. Mashine ya kufumia sweta niliijua ujanani, kwenye kituo cha ufundi cha parokia, na kwa miaka mingi nikavalisha shule za hapa: kijani, bluu, maruni. Asubuhi za Juni, baridi ikiwa imekalia kilima cha Ngara kama mgeni asiyejua kuaga, nilikuwa nasimama mlangoni pa fremu yangu karibu na soko, natazama watoto wakipita na kusema moyoni: wale ni wangu. Nilikuwa na fahari moja tu, kwamba hakuna kitanzi kilichowahi kuniponyoka. Kwenye sweta, kitanzi kikiponyoka kinashuka, kinaacha ngazi, mtoto anaingiza kidole, kesho anaingiza mkono, keshokutwa anamwingiza na mwenzake. Mwanafunzi wangu akiangusha kitanzi kimoja, nilikuwa naifumua kazi yake yote mbele ya macho yake. Waliniita Bwana Kufumua. Walidhani sisikii.

Halafu sweta za tayari zikaanza kuja kwa marobota, na mashine yangu ikanyamaza. Nikabaki kwenye fremu nashona vifungo vya watu na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba.

Ndipo ukarudi. Umemaliza kidato cha nne, una simu mkononi na una jambo kichwani.

"Baba, tazama. Wanawake dunia nzima wanafuma hii."

Nikavaa miwani. Nikaona shali ina ngazi kutoka juu mpaka chini, matundu matupu, na ndani yake mwanamke amejifunika anacheka. Nikasema, "Maskini. Hana hata mtu wa kumwambia."

Hukubishana. Hilo ndilo linalonitisha kwako tangu ukiwa mdogo: mwenzio anajiandaa kwa mabishano, wewe umeshaondoka kwenda kufanya. Siku zile zile ukafuma kipande cha majaribio kwa uzi uliobaki wa sweta, ukakiacha kwenye kiti cha fremu, ukabaki nyumbani Kirushya kumsaidia mama yako maharage. Nikafika, nikakiona. Vitanzi vimeshuka safu baada ya safu. Moyo uliniuma. Nikasema, mtoto amekosea, ameona aibu kunionyesha. Na mimi, baba mwema, nikachukua kulabu na kuanza kukipandisha kitanzi kimoja kimoja, ngazi kwa ngazi, kutoka ukingo wa chini mpaka juu. Chakula cha mchana kilinipita. Wenye vifungo niliwafukuza. Jioni kipande kilikuwa kimeziba kabisa, kimebana kama soksi ya askari. Ulipokuja nikakukabidhi kwa mikono miwili.

"Nimekuokolea kazi yako," nikasema.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya kazi nyingi kiasi kile kwa mara moja. Ulitaka kulia, ulitaka kucheka, na mdomo ukasema, "Asante, Baba." Kisha ukakaa karibu yangu, ukafungua kitanzi kimoja pale juu, ukanishikisha ncha mbili za kitambaa.

"Vuta."

Nikavuta. Kitanzi kikaruka ngazi ya kwanza, kikaruka ya pili, kikashika kasi, na mimi nikapiga kelele mpaka jirani wa mashine ya kusaga akachungulia. "Kishike! Kishike, kinakwenda!"

"Kiache, Baba. Kinajua kinakokwenda."

Kikashuka mpaka kwenye ule mstari wa kwanza kabisa, ule uliouanzia kazi, kikasimama. Hakuna kilichokatika. Kati ya safu na safu pakafunguka dirisha refu, nikaona vidole vyangu upande wa pili. Nimefuma tangu sijaoa, Leokadia, na sikuwahi kujua kwamba kitanzi kina mahali kinapokomea. Kila kilipoanguka nilikikimbilia katikati ya safari, sikukiacha hata kimoja kifike.

Hapo ningekuwa nimejifunza adabu, mtu angesema. Bado. Ulipotaka uzi wa kutia rangi kwa mkono, nani alikwambia "niachie mimi, hayo ni mambo ya kienyeji"? Nikakusanya maganda ya vitunguu sokoni, nikatia shabu ya kinyozi, nikachukua lile sufuria kubwa la mama yako la pilau ya Krismasi, nikachemsha uzi wa sweta kutwa nzima. Uzi wa sweta ni plastiki. Ulitoka kama ulivyoingia. Sufuria ndilo lililoshika rangi. Mama yako akalitazama nje, akalitazama ndani, akasema, "Kama ulikuwa unafuma sufuria, Baba Leokadia, umefaulu."

Tukatafuta uzi wa pamba kutoka Mwanza. Pamba ikakubali vitunguu, lakini ikatoka manjano ya kupauka ambayo jua la wiki moja liliila yote. Nikakata tamaa kwa sauti kubwa, kama kawaida yangu. Wewe ukakata tamaa kimyakimya, nikaona ulivyoacha kufuma.

Kisha ikaja ile Jumapili. Sijui kama unaikumbuka ninavyoikumbuka mimi. Tulikuwa tunajiandaa kwenda misa na mama yako ananisema kwa ajili ya shati langu jeupe, maana nilikuwa nimekata mkungu nimelivaa. Mtu wa Ngara haelezwi doa la utomvu wa ndizi. Ukilifua linaiva. Ukilitia limau linanenepa. Ukilitia dawa ya kung'arisha, nguo inatoboka na doa linabaki limekaa kuzunguka tundu, linakutazama.

"Hili halitoki mpaka kiyama," mama yako akasema.

Wewe ulikuwa umeinama unafunga kamba za viatu. Hukuinua hata kichwa.

"Mama, kama halitoki, hiyo ni rangi."

Mama yako alibaki ameshika kola ya shati langu, na mimi nikiwa ndani yake. Watu wa kwetu tumezaliwa migombani. Tumekula ndizi, tumekunywa urwagwa, pombe ya ndizi, tumeharibu nguo za vizazi na vizazi, na tukitaka rangi tunapanda gari kuifuata mbali. Aliyeliona jambo ni mtoto anayefunga viatu. Misa tulichelewa. Padri alinitazama vibaya, na mimi nikakaa kwenye benchi na shati langu la doa, nimejaa furaha kama bwana harusi.

Vikonyo vya mikungu na maganda mabichi tulivichemsha nyuma ya nyumba, kwenye sufuria lile lile lililokwisha kuharibika. Uzi ukatoka kahawia ya asali. Ukatia misumari yenye kutu, ikawa kahawia ya kahawa iliyokaangwa. Tuliufua, tukauanika juani, tukaufua tena. Wapi! Ule uzi ulikuwa na kichwa kigumu kama watu walioutia rangi.

Sasa kile kibao. Nilijua ungependa nikiruke, na siwezi kukiruka.

Ulinionya. Ulisema, "Baba, ni shali. Shaa-li. Ulimi unagusa juu." Nikakujibu, "Si ndivyo nilivyosema? Shari." Mchoraji wa kibao naye ni Mhangaza kama sisi, l na r kwake ni kitu kimoja, akaniuliza maneno, nikamtajia, akayaandika alivyoyasikia, na kwa masikio yetu sote wawili hakukuwa na kasoro. Kibao kikatundikwa juu ya fremu, herufi kubwa nyekundu: TUNAFUMA SHARI HAPA. Kikakaa siku kadhaa. Watu wa kwetu walipita, wakasoma, wakaona sawa.

Mpaka alipopita Bi Zuhura, mwenye duka la vitambaa kule chini ya soko, ambaye babu zake walileta biashara na Kiswahili chao kutoka pwani. Alisimama nje kwa muda mrefu. Mimi nikafikiri amevutiwa.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Karibu ndani."

"Marahaba, fundi. Niingie, au nitaumia?"

"Utaumia na nini tena?"

"Nimezaliwa Ngara hii na nimezeekea hapa. Shari nimeletewa bure miaka yote, mpaka mlangoni. Leo ndiyo kwanza naona inauzwa."

Wewe ulikuwa umejificha nyuma ya mashine, mabega yanatikisika. Ukatoka, ukamwamkia, ukasema kwa heshima zote, "Ni shali, Bibi. Ulimi wa Baba umeteleza."

"Umeteleza mpaka ukapanda ukutani?"

Alicheka mpaka akaomba kiti. Alipokaa ndipo alipoiona shali yenyewe, ile ya kwanza, imetundikwa msumarini. Kicheko kikakatika. Akaishika kama mtu wa vitambaa anavyoshika, kwa ncha za vidole, akaipitisha kwenye mwanga. Akauliza nani amefuma. Nikafungua mdomo. Nashukuru Mungu kwamba kwa mara moja maishani nilikohoa badala ya kujibu, na wewe ukasema, "Mimi, Bibi."

Mjukuu wake alikuwa anaolewa, na wakwe walikuwa wanakuja kutoka Tanga. "Watu wa joto wale," akasema. "Wakifika juu ya kilima hiki mwezi wa saba watatetemeka kama kuku wa mvua, waende wakaseme tumewapokea kwa mateso. Nifumieni za wanawake wote wa upande wa bwana harusi. Ziwe sare, binti. Rangi moja. Nisiaibike."

Sare! Hapo ndipo nilipolala bila usingizi, ingawa sitakueleza, maana mama yako anasema nilikoroma. Chungu cha kwanza, kama tulivyozoea kuliita kila chemsho la lile sufuria, kilitoka rangi ya kahawa. Cha pili, vikonyo vya shamba lile lile, misumari ile ile, kikatoka chekundu kwa mbali, kama udongo wa njia ya Kirushya baada ya mvua. Utomvu una siku zake, mwanangu, kama watu. Nusu ya uzi huku, nusu kule, na wakwe wanasemekana wameshafunga mizigo. Mimi nilikuwa tayari kabisa kwenda kwa Bi Zuhura kumwambia hatuwezi. Nilishavaa kofia.

"Baba, vua kofia," ukasema.

Ulikuwa umekaa chini na mafundo mawili mapajani, moja la kila chungu. Ukafuma mistari miwili ya huku, miwili ya kule. Huku, kule. Nikakwambia itaonekana kama pundamilia. Haikuonekana hivyo. Rangi mbili zilizokuwa zikigombana kwenye meza, ndani ya kitambaa zikapatana. Macho yakaona moja, yenye kina, inayobadilika ukitembea. Na kila shali ikawa na vyungu vyote viwili ndani yake. Zote zikawa sare, na hakuna iliyobeba rangi ya chungu kimoja peke yake. Nilivua kofia, nikachukua sindano, nikakaa chini yako kufuma ulivyonielekeza. Ulinifumulia kazi yangu mara mbili. Uliifumua kwa adabu, lakini uliifumua.

Jioni waliyofika wageni, upepo ule wa kilimani ulikuwa umepania. Shali zilikuwa tayari isipokuwa jambo moja: vitanzi vya mwisho vilikuwa havijaachiwa, muda ulituishia. Nikataka turudi nazo. Ukaniambia, "Acha, tutaviachia mbele yao." Ukaingia sebuleni kwa Bi Zuhura, mimi nyuma yako nimebeba kiroba kama mchukuzi. Akina mama wa Tanga walikuwa wamejikunyata kwenye makochi, khanga juu ya khanga. Mama wa bwana harusi, mwanamke mkubwa mwenye sauti, akasema, "Jamani, hii baridi mnaishi nayo au inawatembelea?"

"Vaeni shari," Bi Zuhura akamjibu, nyumba ikalipuka kwa vicheko.

Ukamwekea yule mama shali mapajani. Akaigeuza, akaona imebana haina tundu hata moja, akasema ni nzuri, kwa ile sauti ya mtu anayesema chakula ni kizuri. Ukapiga magoti mbele yake, ukatoa kitanzi kimoja ukingoni.

"Shika hapa, Mama. Na hapa. Vuta."

"Nitaharibu, mwanangu!"

"Haribu."

Akavuta. Ngazi ikakimbia mpaka chini, naye akatoa ukelele, na wenzake wakapiga ukelele kwa sababu yeye amepiga. Akavuta cha pili. Kwenye cha tatu alikuwa anacheka, kwenye cha nne amesimama katikati ya chumba, shali imefunguka madirisha mwili mzima, imekuwa ndefu na laini, inamfuata akigeuka. "Leteni na zenu tuharibu!" akawaita wenzake. Unakumbuka zile sauti? Sebule nzima ya wanawake wazima wanavuta vitanzi na kupiga vigelegele, na wewe unatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, unawaonyesha, mikono yako imetulia. Hukusema neno moja zaidi ya lililohitajika.

Mimi nilikuwa mlangoni na kiroba kitupu. Nilimwona Bi Zuhura anafuta macho kwa pembe ya mtandio. Aliponiona namtazama akasema, "Moshi." Hakukuwa na moshi.

Asubuhi yake wale akina mama walipita sokoni wamejifunika, na mji wa Ngara ukageuka. Kabla ya wiki ile sikuwahi kuulizwa shari na watu wengi namna ile. Mwendesha bodaboda alisimamisha pikipiki, "Mzee, mke wangu anatafuta shari." Nikamwambia amefika. Ulitaka kunirekebishia kibao, mchoraji alikuwa ameshaleta brashi, na Bi Zuhura ndiye aliyekataa. "Ukikigusa hicho kibao tutagombana," akasema. "Shali zipo kila mji. Shari iko Ngara peke yake."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sasa itafute sehemu ambayo fundi ni mimi. Mimi nilichangia sufuria na kosa la tahajia.

Kesho kituoni utawasikia wazazi wengine wakiwaambia watoto wao, "Nenda, usiniangushe." Mimi pia niliambiwa. Baba yangu aliniambia siku nilipokwenda kituo cha ufundi, akimaanisha mema kabisa, na nikaibeba sentensi hiyo kama gunia la mtu mwingine. Nilifuma miaka yote ile nikiwa nimekaza mabega, nikifumua kazi za watoto wa watu, kwa hofu kwamba kitu kikianguka hakitakuwa na mwisho. Umenionyesha mwenyewe kinapokomea. Kinashuka mpaka kwenye mstari wa kwanza, kinasimama. Na huo mstari wa kwanza kwako tuliuanza mimi na mama yako. Mimi nauamini, kwa sababu mama yako ndiye aliyeukaza. Kwa hiyo sitakwambia usiniangushe. Angusha, mama. Utakapochemsha kitu kikatoka rangi ya matope, utakapomfundisha mtu akakukasirikia, utakapopotea njia ya kurudi unakolala, kiache kifike chini, kisha utazame dirisha limefunguka wapi.

Na wakicheka, uwaache wacheke kwanza. Mimi nilichekwa na mji mzima, na ndipo walipoingia dukani.

Nilikuwa nataka kufungia hapo. Nilishaandika "wako mpendwa", nikainuka kuongeza maji kwenye maharage, simu yangu ikalia. Namba ngeni. Nakuandikia yote kama yalivyosemwa, bila kujisogeza mbele.

"Haloo, shikamoo baba. Mama Kulwa hapa, mwenyekiti, kikundi cha akina mama Runazi."

"Marahaba, Mama Kulwa. Habari za huko."

"Nzuri. Samahani kwa usumbufu, tunaomba kuongea na mwalimu."

Nikanyoosha mgongo. Nikasafisha koo. "Ndiye mimi."

Nyuma yake nikasikia kelele za watu wengi.

"Hapana, baba, samahani sana. Mwalimu. Leokadia."

Nikamwambia umekwenda kuaga kwa shangazi yako, na kama kuna ujumbe niupokee. Basi akaanza kumwaga maneno kama mtu aliyekuwa amefungiwa.

"Mwambie ile siku simu ilizima, chaji iliisha, tukajilaumu sana. Na mwambie tulicheka kwa sababu ya Mama Neema hapa. Mume wake anapasua mbao za mninga. Mashati yake yote mekundu, baba, utadhani amechinja! Mwalimu alipouliza doa lisilotoka, wote tukageuka tukamtazama Mama Neema, tukashindwa kujizuia. Tumekaa nalo hilo swali. Leo tumechukua magome ya mninga tukachemsha na kile kifundo cha uzi tulichonunua mnadani. Baba! Kimetoka chekundu! Tumekifua, hakitoki! Mama Neema amekaa chini analia, anasema miaka yote hii alikuwa anafua mali!"

Nyuma yake mtu akapaza sauti, "Muulize anakuja?" Mwingine akasema, "Muulize anakuja lini!"

"Wanauliza mwalimu anakuja lini," Mama Kulwa akasema. "Hapa hakuna anayetaka kwenda nyumbani. Na baba, anakuja na wewe, au?"

Nilimjibu hivi, na mama yako akinilaumu mwambie nilikuwa na akili timamu:

"Mwalimu anakuja kesho. Peke yake. Ongezeni kuni."

Baba yako